Kusoma Vipimo vya Hewa Pwani Bila Kubabaika

Uwanja wa ndege wa Unguja hutoa ripoti ya hali ya hewa mara kwa mara, na mwenye simu yeyote anaweza kuisoma. Mfano wake ni huu: HTZA 150600Z 18014KT 9999 SCT020 28/23 Q1016. Usiikimbie.

1. Anza na saa. Hiyo 150600Z ni tarehe 15, saa 06:00 za kimataifa. Toa 3 tu, unapata saa 3 asubuhi yetu. 1200Z? Saa 9 alasiri. Wanaohesabu saa za Kizungu ndio wenye kazi ya kujumlisha.

2. Upepo hutajwa unakotoka, si unakokwenda. 18014KT ni upepo wa nyuzi 180, yaani kutoka kusini, wenye kasi ya noti 14, karibu kilomita 26 kwa saa. Kusi hilo. Kaskazi likishika, tarakimu za mwanzo huhamia kwenye 030 au 050. Ukiona G, kama 18014G26KT, upepo huvuma kwa ghafla hadi noti 26, na mwenye ngalawa apange safari kwa hiyo 26. Kumbuka pia kwamba uwanja uko magharibi mwa kisiwa. Kusi linapovuma, Paje na Jambiani hulipokea moja kwa moja kutoka baharini, kwa hiyo mkulima wa mwani wa huko aongeze kidogo kwenye kasi hiyo.

3. Achana na asilimia za unyevu. Alfajiri 24/23, yaani joto kisha nukta ya umande, ni kama asilimia 94. Saa 3 asubuhi 28/23 ni kama 74. Utadhani hewa imekauka, kumbe mvuke ni uleule. Tazama namba ya pili, hiyo nukta ya umande. Ikipita 25, kama Machi, jasho halikauki hata ukae barazani.

4. Q1016 ni kanieneo. Huku karibu na ikweta hushuka hektopaskali 3 hivi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri, kila siku. Si dalili ya tufani.

5. Mvua. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Bati la mita 6 kwa 5 likipata milimita 20 hutiririsha lita 600: mapipa matatu, mfereji usipovuja.

6. Una kituo chako nyumbani? Chumvi hula vikombe vya kipimaupepo. Vikizunguka kwa uzito, kila siku itasomeka shwari. Vioshe kwa maji baridi.