Sura Al-Maun na Chombo cha Fundi: Maelezo juu ya Kuazimana

Mtu anayeingia katika Islam hufundishwa kwanza Sala: nyakati zake, rakaa zake na namna ya kusimama na kusujudu. Hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini iko sura moja fupi katika Kurani Tukufu, nayo ni ya 107, ambayo yafaa isomwe pamoja na mafunzo hayo ya kwanza, kwa kuwa inawataja watu wanaosali na papo hapo inawapa onyo kali. Makosa yao ni kughafilika na Sala yao, kufanya ibada ili waonekane na watu, na kuzuia maun. Kwa hesabu yetu, inayoihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, neno hilo la mwisho limo katika aya ya 8, na sura nzima imepewa jina lake.

Maun ni nini? Imepokewa kwa Hadhrat Ali r.a. kwamba ni Zaka. Hadhrat Abdullah bin Masud r.a. ameeleza kwamba katika zama za Mtukufu Mtume s.a.w. wao wenyewe walikuwa wakihesabu maun kuwa ni kuazimana vitu kama ndoo na chungu, na katika mapokezi mengine shoka pia limetajwa. Maelezo haya mawili hayapingani. Zaka ni haki kubwa iliyo katika mali, na chungu ni haki ndogo. Anayeizuia ile ndogo, ambayo haimpunguzii chochote, ni vigumu kuamini kwamba ataitoa ile kubwa kwa moyo mweupe.

Sasa tuichukue aya hii tuipeleke Kibeta, katika Manispaa ya Bukoba, kwenye kiwanja cha fundi bodi. Huko hakuna anayegombea chungu. Kipo hata hivyo chombo kimoja ambacho mfano wake unafaa sana kwa somo hili, nacho ni roli ya kukunjia ukingo wa fenda.

Kwa wasiokijua, tueleze kidogo. Bati linalofunika tairi, ambalo wengi huliita madigadi, lina ukingo uliokunjwa kwa ndani, upana wake yapata sentimeta 1 au 2. Gari likivishwa matairi mapana kuliko yale ya kiwandani, au springi zake zikichoka kisha likapakiwa mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa likainama, ukingo huo huanza kuikwaruza tairi, na mwisho wake ni tairi kukatwa au kupasuka njiani. Dawa ni kuulaza ukingo ule ubanane na bati. Wengi hutumia nyundo na kipande cha mbao, au huingiza bomba la chuma kati ya tairi na fenda kisha gari likasukumwa mbele na nyuma. Kazi hufanyika, lakini bati hubaki na mawimbi na rangi hupasuka. Roli hufungwa kwa nati mahali tairi lilipotolewa. Ina mkono unaorefushwa na kufupishwa, na mwishoni mwake kigurudumu kigumu. Fundi huipasha moto rangi kwa kipuliza hewa ya moto hadi ilainike, kisha hukipitisha kigurudumu juu ya ukingo mara nyingi, kila mara akikaza kidogo tu. Mwenye haraka huharibu. Na katika Bukoba, ambako mvua ya mwaka hufikia kiasi cha milimita 2000, rangi iliyopasuka mahali pale panapopigwa na tope haichukui muda mrefu kabla ya kutu kuingia.

Chombo hiki ni cha ghali, nacho gari moja hukihitaji pengine mara moja tu katika umri wake wote. Mafundi 10 wa mji mmoja kununua kila mmoja chake ni kupoteza fedha. Kwa hiyo huwa nacho mmoja, na wengine humwendea. Hapo ndipo swali linapozaliwa: je, Mwislamu mwenye chombo hicho akikataa kukiazimisha, ameingia katika lawama ya Sura Al-Maun?

Wanazuoni walio wengi wamesema kuazimisha ni jambo lililopendekezwa sana, si faradhi. Ibn Taymiyya alikwenda mbali zaidi akaona kuwa ni wajibu juu ya yule asiyekihitaji kitu chake kwa wakati ule. Nionavyo mimi, chombo ambacho fundi anakitegemea kwa chakula cha watoto wake si sawasawa na chungu cha jirani, na siku anapokitumia hana lawama akisema hapana. Lakini kikilala ndani ya sanduku juma zima, naye akakizuia kwa sababu moja tu, kwamba fundi wa ng'ambo ya barabara asipate mteja, basi na aisome tena aya ya 8 polepole. Atakuwa amefunga sanduku lake kisha akaenda msikitini kusimama safu ya mbele.

Mtukufu Mtume s.a.w. mwenyewe aliazima. Siku moja watu wa Madina walishikwa na hofu ya adui, naye akamwazima Abu Talha r.a. farasi wake aliyeitwa Mandub, akampanda akaenda kuangalia kabla ya wengine, akarudi akiwatuliza watu na kumsifu farasi yule kwa mbio zake. Hadhrat Aisha r.a. naye amesimulia kwamba katika zama hizo alikuwa na vazi moja la kitambaa kizito, la thamani ya dirhamu 5, na hapakuwa na mwanamke wa Madina aliyekuwa akipambwa kwa arusi ila alituma kuliazima. Vazi moja kwa mabibi arusi wa mji mzima! Huo ndio mfano ulio karibu kabisa na roli yetu: kitu kinachohitajiwa na kila mtu siku moja tu, nacho kiko kwa mmoja.

Kiswahili chetu chenyewe kinatusaidia hapa, maana kina maneno mawili. Sukari hukopwa: huliwa, na hurudishwa nyingine mfano wake. Jembe huazimwa: hurudishwa lile lile. Sheria ya Kiislamu nayo inatenganisha hivyo hivyo, ikiita la kwanza qardh na la pili ariya. Mwenye kuazima hakumiliki chombo. Amepewa manufaa yake tu, na Sura An-Nisaa, aya ya 59, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Hata gharama ya kukirudisha ni juu ya mwazimaji. Aliyetoka Muleba akaichukua roli Kibeta asimwambie mwenyewe aifuate. Nauli ya kuirudisha ni yake.

Je, mkono wa roli ukipinda? Hapa madhehebu yamehitilafiana, na ni vizuri mtafutaji wa haki ajue, kwa sababu atasikia jawabu moja kwa jirani na jingine kwetu. Mashafii, ambao ni wengi katika Tanzania, husema mwazimaji hulipa hata kama hakuzembea, isipokuwa ule uchakavu unaotokana na matumizi aliyoruhusiwa. Wahanafi husema chombo ni amana mkononi mwake, halipi ila akizembea au akivuka mipaka. Wamaliki wametofautisha kitu kinachoweza kufichwa na kisichofichika. Masihi Aliyeahidiwa a.s. aliishauri Jumuiya yake kwamba jambo lisipopatikana katika Kurani, Sunna na Hadithi, ifuatwe fiqhi ya Kihanafi, isipokuwa pale ambapo mabadiliko ya zama yanazuia kupata jawabu sahihi humo. Ila katika jambo hili Hadithi ipo, na madhehebu yote huirejea.

Mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 630, kabla ya vita vya Hunain, Mtukufu Mtume s.a.w. alihitaji nguo za chuma. Makka ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na Safwan bin Umayya, mmoja wa wakuu wake, alikuwa nazo nyingi. Safwan alikuwa bado hajasilimu. Alipoombwa aliuliza kama zinachukuliwa kwa nguvu. Akajibiwa kwamba sivyo, zinaazimwa, na zina dhamana. Vita vilipokwisha, baadhi ya nguo zile zilikosekana. Mtukufu Mtume s.a.w. akamwuliza kama amlipe. Safwan akakataa malipo, akieleza kwamba moyoni mwake siku ile mlikuwa na jambo ambalo halikuwamo siku alipoziazimisha. Mshindi mwenye jeshi alimwomba asiye Mwislamu kama jirani amwombavyo jirani, akaweka dhamana kwa kinywa chake, kisha akaenda kuitimiza bila kudaiwa. Wanaodai kwamba Islam ilienea kwa upanga watueleze ni upanga gani uliougeuza moyo wa Safwan.

Kwa hadithi hiyo Mashafii husema dhamana ni hali ya kila azima. Wahanafi huifasiri kwa namna nyingine. Kwa mafundi wetu jambo la salama ni kusema mapema, kama lilivyosemwa kwa Safwan: kikipinda, nani ananyoosha, nati ikipotea, nani ananunua. Kusema hivyo si kumdhania mtu vibaya.

Wengine huuliza kama ni riba kutoza fedha kwa matumizi ya chombo. La. Riba huingia katika mkopo. Hapa kinachouzwa ni manufaa ya kitu kinachochakaa, na hiyo ni ijara, ni halali, maadamu malipo na muda vimejulikana. Ila mwenye chombo ajue kwamba akitoza ujira hali imebadilika: mkodishaji halipi kilichoharibika bila uzembe wake. Si haki kula ujira na kumbebesha mwenzako hatari yote pia. Vile vile asiyeazimwa asipewe: fundi aliyeazima roli asiipitishe kwa fundi wa tatu bila ruhusa. Wahanafi wameacha nafasi katika vitu ambavyo tofauti ya mtumiaji haileti tofauti ya matumizi, lakini roli si mojawapo, kwa maana mkono mzito huipinda kwa dakika moja.

Mwenyewe naye anaweza kukitaka chombo chake wakati wowote, lakini si kwa kumdhuru aliyeazima. Wanazuoni wa kale walitoa mfano wa mbao iliyoazimwa kuziba tundu la chombo cha majini: haidaiwi chombo kikiwa bado kati ya maji. Anayeishi kando ya ziwa Victoria hahitaji kuelezwa zaidi. Gari likiwa juu ya jeki, na ukingo umelazwa nusu, mwenye roli angoje hadi upande ule umalizike, ndipo aifungue nati zake na kuondoka nayo.