SOMO: Harufu ya Taka za Jikoni

Katika somo hili tunazungumza juu ya debe la taka linalonuka jikoni. Wengi wetu tukisikia hiyo harufu tunakimbilia dawa kali. Lakini wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Harufu nayo ni dalili tu, tutafute kinachoileta.

Inatoka wapi?

Maganda, makombo na matumbo ya samaki yana maji mengi. Yakishindiliwa ndani ya debe, hewa haipiti, na vijidudu visivyohitaji hewa huyaozesha na kutoa gesi zinazonuka. Nzi nao hutaga mayai humo. Wakati wa joto, yai huweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Kwa hivyo anayemwaga taka mara moja kwa juma anafuga nzi!

Tufanye nini?

1. Tutenge taka za kuoza na chupa, mikebe na karatasi.
2. Makombo tuyachuje maji kwanza.
3. Kila jioni tuyapeleke kwenye rundo la mbolea na kuyafunika kwa majani makavu au udongo. Matumbo ya samaki na mifupa tuvifukie chini sana, mbwa wasifukue. Asiye na shamba ampe maganda mabichi jirani mwenye mbuzi.
4. Debe tulioshe kwa sabuni, tulianike juani, kisha tuweke jivu kidogo ndani. Jivu liwe limepoa kabisa, lisije likaleta moto.

Hatari!

Tusichanganye kamwe Jik na siki, ndimu au asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu, na katika chumba kidogo inaweza kuua. Hata ukimwaga moja kwenye sinki, halafu nyingine bila kusuuza, zitakutana ndani ya bomba. Ukisikia harufu ya kukaba koo, toka nje mara moja pamoja na watoto, uache mlango wazi. Usirudi kusafisha. Kifua kikibana, nenda hospitali bila kungoja.

Maswali ya kikundi

1. Nyumbani kwetu ni nani humwaga taka, na mara ngapi kwa juma?
2. Dawa zetu za kusafishia zinakaa wapi? Mtoto anaweza kuzifikia?