Matandazo Hayawekwi Mara Moja

Kila masika miche hupandwa chuoni kwa mbwembwe, picha zikapigwa. Julai tunafunga. Tukirudi Oktoba, miche mingi imebaki vijiti. Mimi nasoma kilimo cha bustani hapa Morogoro, na jibu langu ni fupi: udongo umeachwa uchi kiangazi kizima.

Matandazo ni tabaka la nyasi, majani makavu au pumba za mpunga linalofunika udongo. Hupunguza maji kupotea kwa jua, hunyima magugu mwanga, na huzuia matone ya mvua yasimomonyoe udongo. Hilo wengi tunalijua, hata kwenye mtihani tunaliandika. Tunalosahau ni kwamba matandazo yanaoza, yanaliwa na mchwa, yanapeperushwa. Lazima yatunzwe kwa majira.

Masika yakiisha: ng'oa magugu kwanza, kisha tandaza udongo ukiwa bado na unyevu. Ukifunika udongo mkavu, umefunika ukame wenyewe. Manyunyu yataishia juu ya majani. Unene uwe sentimita 5 hadi 10. Acha upana wa kiganja kuzunguka shina, maana matandazo yakiligusa, gome hukaa na unyevu na kuoza.

Kiangazi: kagua kila baada ya wiki mbili. Ukiona udongo, ongeza. Yakigandamana, yalegeze kwa reki ili maji yapenye. Na mche mchanga bado unahitaji kumwagiliwa. Matandazo yanakupunguzia ndoo, hayaondoi ndoo.

Kabla ya vuli: yaliyooza yaache hapo hapo, ndiyo mboji hiyo. Juu yake ongeza tabaka jembamba. Mvua zikizidi na konokono wakaanza kujificha humo, punguza unene.

Chagua vizuri pia. Nyasi zenye mbegu zitakuotea. Maranda mabichi yabaki juu tu. Ukiyachimbia ndani, vijidudu vinavyoyaozesha vitachukua naitrojeni ya mmea.

Sasa, wadau, malighafi tunayo. Ni yale majani ya miembe tunayoyafagia siku za usafi na kuyachoma. Napendekeza yapelekwe kwenye mashina, kila bweni lihesabu miche yake kabla ya kufunga, na wanaobaki likizo wapangiwe zamu ya maji. Oktoba tutahesabu tena.