Ridhaa katika Tovuti Ndogo: Vidakuzi, Faragha na Msomaji Mgonjwa

Kwa miaka kadhaa nimekuwa na tovuti yangu binafsi inayowahusu waimbaji wa taarabu asilia ya Unguja. Niliianzisha kwa mapenzi tu. Humo nimeandika juu ya maisha ya Siti binti Saad na safari yake ya Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri, nimeeleza sauti ya Bi Kidude, na nimeweka picha za santuri za zamani. Kwa kuwa mimi ni daktari bingwa wa masikio, pua na koo, sikuweza kujizuia: nikaongeza ukurasa mmoja kuhusu maradhi ya sauti kwa waimbaji. Ukurasa huo unaeleza vinundu vya nyuzi za sauti, sauti inayokwaruza kwa zaidi ya majuma matatu, na dalili za saratani ya zoloto.

Ukurasa huo ndio ulionifundisha somo ninaloliandika hapa. Mwimbaji mmoja, ambaye kisa chake nakieleza kwa ridhaa yake na kwa kuficha yote yanayoweza kumtambulisha, alifika kliniki sauti yake ikiwa imekwaruza kwa muda mrefu. Tulimchunguza tukakuta vinundu, saratani haikuwapo. Nilipomweleza matokeo alishusha pumzi, kisha akasema: “Daktari, mwenzio nimeteseka mwezi mzima. Nilisoma ule ukurasa wako kwa simu ya nyumbani. Tangu siku ile simu inaleta matangazo ya hospitali za saratani za nje. Mwanangu akaniuliza, ‘Mama, kuna jambo unatuficha?’ Sikuwa na la kumjibu.”

Siwezi kuthibitisha kwamba matangazo yale yalisababishwa na tovuti yangu. Huenda alilitafuta neno hilo mahali pengine pia. Lakini jioni ile nilipoketi kuichunguza tovuti yangu kwa makini niliyoyazoea kliniki, sikupata cha kujitetea nacho.

Tuanze na kidakuzi chenyewe, kwani wengi wetu tumezoea kubofya “nakubali” bila kujua tunakubali nini. Kidakuzi ni kipande kidogo cha maandishi ambacho seva hukikabidhi kivinjari, nacho kivinjari hukirudisha kila kinapoiendea seva hiyo tena. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa sababu seva za tovuti kwa asili yake hazina kumbukumbu: kila ombi hupokelewa kama la mgeni wa kwanza. Mfano wake ni kadi ya kliniki. Mgonjwa hubeba kadi yenye namba, na karani akiiona hulitoa faili lake. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya huanza pale karani mmoja anapowekewa dawati katika kila kliniki ya mji, hospitali kwa hospitali, duka kwa duka, naye kila mahali akaisoma kadi ileile. Karani huyo hana haja ya kulijua jina lako. Atajua ulikwenda kwa daktari wa koo Jumatatu na kwa muuza sanda Jumatano. Hivyo ndivyo vidakuzi vya upande wa tatu hufanya kazi, yaani vile vinavyowekwa na seva isiyo ya tovuti unayoisoma.

Mimi sikuwahi kuweka tangazo hata moja. Hata hivyo, nilipofungua tovuti yangu katika dirisha la faragha la kivinjari na kutazama orodha ya vidakuzi kabla sijabofya chochote, nilivikuta 11, na vingi havikuwa vyangu. Vilikuja na video nilizozipachika, vitufe vya kushiriki katika mitandao ya kijamii, na kihesabu wageni nilichokichukua bure. Hata fonti nzuri ya kichwa cha habari ilikuwa ikitoka kwenye seva ya kampuni ya ng’ambo. Fonti haihitaji kidakuzi, lakini kila ombi la fonti hupeleka anwani ya IP ya msomaji. Januari 2022 mahakama moja ya Munich, Ujerumani, ilimwamuru mwenye tovuti amlipe msomaji euro 100 kwa kosa hilohilo.

Lililonishtua zaidi halikuwa hesabu ya vidakuzi. Kivinjari kinapoiomba seva ya nje kitu, huweza kuitajia ukurasa msomaji alipo. Nami, kwa kutaka anwani zisomeke, niliuita ukurasa wangu kwa jina la ugonjwa. Anwani yenyewe ilikuwa imebeba utambuzi wa maradhi, kama bahasha ya maabara iliyoandikwa majibu juu yake.

Msomaji atauliza: je, sheria zinamhusu mtu mwenye kitovuti cha mapenzi yake? Jibu la Ulaya lilitolewa zamani. Mwishoni mwa mwaka 1998 mkatekista mmoja wa Sweden alitengeneza kurasa nyumbani kwake, kwa kompyuta yake, kuwaeleza waumini habari za wenzake wa parokiani. Kwa nia njema kabisa akaandika kwamba mwenzake mmoja ameumia mguu na kwa hiyo anafanya kazi nusu ya muda. Alizifuta kurasa hizo mara alipojua wenzake hawakupendezwa, lakini alishitakiwa na kutozwa faini ya krona 4,000. Shauri lilipofika Mahakama ya Haki ya Ulaya, hukumu ya tarehe 6 Novemba 2003, shauri namba C-101/01, ilisema mambo mawili ambayo kila tabibu mwenye tovuti anapaswa kuyajua. Kwanza, habari ya mguu ulioumia ni taarifa ya afya, na maana ya “afya” ni pana. Pili, kinga inayopewa shughuli za binafsi na za nyumbani haimfuniki mtu anayechapisha taarifa za wengine kwenye intaneti kwa kila anayezifungua.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Zote mbili huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Ile kanuni kuu ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, huweza kumfikia hata mtu wa nje ya Ulaya anayefuatilia mienendo ya watu waliomo humo. Na taarabu, kama mnavyojua, ina wapenzi wake Ulaya pia.

Sasa tuje kwenye ridhaa. Sisi madaktari tunajua, au tunapaswa kujua, kwamba sahihi si ridhaa. Mgonjwa aliyesainishwa fomu akiwa tayari juu ya meza ya upasuaji hajaridhia kitu. Tovuti nyingi hufanya hivyohivyo: huandika “ukiendelea kusoma, umekubali,” huku vidakuzi vimekwisha kuwekwa. Kwa kanuni ya Ulaya ridhaa lazima iwe ya hiari, mahususi, yenye maelezo, na ionyeshwe kwa tendo la wazi. Tarehe 1 Oktoba 2019 mahakama ileile iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki hakitoi ridhaa. Na Januari 2022 mamlaka ya faragha ya Ufaransa ilitangaza kuitoza Google euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60, kwa sababu kukataa vidakuzi kulikuwa kugumu kuliko kukubali.

Lakini kabla ya fomu ya ridhaa huja swali la kitabibu: je, upasuaji wenyewe unahitajika? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokimbilia kununua programu ya bango la ridhaa. Programu hizo nyingine zenyewe hutoka kwenye seva ya nje, nazo huongeza mzigo. Mimi nilianza kwa kuondoa. Fonti niliipakua nikaiweka kwenye seva yangu. Vitufe vya kushiriki nilivibadilisha kuwa viungo vya kawaida, ambavyo havipeleki chochote mpaka msomaji avibofye. Kihesabu wageni nilikifuta. Katika mipangilio ya tovuti niliamuru vivinjari visiitaje anwani ya ukurasa kwa seva za nje. Ni mstari mmoja tu, uitwao Referrer-Policy, uliowekewa thamani ya no-referrer. Anwani ya ule ukurasa wa maradhi nikaiita “sauti-3”.

Video ndizo zilizonisumbua, kwa maana tovuti ya waimbaji bila nyimbo ni nini? Niliweka picha tuli mahali pa kila video, na chini yake maneno haya: “Ukibofya, video itatoka kwenye seva ya kampuni nyingine, ambayo itaiona anwani yako ya IP na huweza kuweka vidakuzi.” Asiyebofya hafikiwi na yeyote. Katika ukurasa wa maradhi sikuweka video kabisa.

Kilichobaki kilihitaji bango dogo. Lina vitufe viwili vya ukubwa mmoja na rangi moja, “Nakubali” na “Nakataa”, na hakuna kinachopakiwa kabla ya jibu. Chaguo hilo huhifadhiwa kwa kidakuzi kimoja ambacho chenyewe hakihitaji ridhaa, kwani bila hicho msomaji ataulizwa kila ukurasa. Chini ya kila ukurasa kuna kiungo cha kubadili uamuzi, maana kuiondoa ridhaa lazima kuwe rahisi kama kuitoa. Tangazo la faragha nimeliandika kwa Kiswahili, kwa aya nne: ninakusanya nini, kwa nini, kwa siku ngapi, na namna ya kuomba kufutiwa. Kumbukumbu za seva hufutwa baada ya siku 7.

Mwenye kutumia hifadhi nyingine za kivinjari badala ya vidakuzi asidhani amekwepa. Agizo la Ulaya la mwaka 2002, kama lilivyorekebishwa mwaka 2009, linagusa taarifa yoyote inayowekwa au kusomwa katika kifaa cha mtumiaji, iitwe kidakuzi au vinginevyo.

Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote haikuwa ya kiufundi. Tovuti ilikuwa na kitabu cha wageni, na baina ya salamu na sifa za waimbaji, watu kadhaa walikuwa wamenieleza maradhi yao kwa majina yao kamili: mmoja koo, mwingine tezi, mama mmoja mtoto wake asiyesikia. Nilikuwa nimewajibu palepale, mbele ya watu, nikidhani ninatoa huduma. Niliwaandikia mmoja mmoja kuwauliza kama wanataka maneno yao yabaki. Wawili walijibu kwamba walikwisha kusahau kuyaandika. Waliobaki hawakujibu, nami nikayafuta yote, pamoja na majibu yangu.