SOMO LA SAYANSI: TUYAJUE MAWIMBI



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, safari hii tumechagua somo la mawimbi, kwani sisi watu wa mwambao tunalihitaji zaidi.

Kwanza tufahamu kuwa wimbi husafirisha nguvu, halisafirishi kitu chenyewe. Kifuu cha nazi kikielea, wimbi hupita chini yake nacho hubaki karibu na pale pale.

Aina zake ni hizi:

1. Mawimbi ya kusukumana. Tupange safu, wa nyuma amsukume kidogo wa mbele yake. Msukumo utafika mwanzo wa safu, na kila mmoja yuko mahali pake. Sauti ya adhana hutufikia hivyo hewani, kiasi cha mita 340 kwa sekunde.

2. Mawimbi ya kukingama. Tufunge kamba kwenye nguzo, tuitikise juu na chini. Wimbi huelekea kwenye nguzo, kamba hupanda na kushuka tu.

3. Mawimbi ya juu ya maji. Haya huchanganya miendo yote miwili, maji yakizunguka mfano wa duara.

Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi ya kusukumana yalitangulia kwa kuwa ndiyo yenye kasi zaidi ardhini. Ya kukingama yakafuata. Kisha likaja wimbi la bahari, tsunami, lililokwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa penye kina kirefu. Watu zaidi ya 220,000 walifariki. Mchana lilifika Afrika Mashariki, na Somalia pekee ilipoteza watu karibu 300.

Lakini kisiwa cha Simeulue, kilicho jirani kabisa na chanzo, kilipoteza watu 7 tu kati ya takriban 78,000. Kwa nini? Wazee wao walikuwa wakiwasimulia watoto habari za tsunami ya mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana, kimbilieni mlimani.

Basi nasi tukiona maji yamekupwa ghafla si wakati wake, tusishuke kuokota samaki. Tukimbilie mahali pa juu, tuwaite na wenzetu, wala tusiharakishe kurudi, kwani wimbi la pili laweza kuwa kubwa kuliko la kwanza.

Zoezi: Wasimulie wadogo zako nyumbani somo hili.