Bunduki na Soko Lake

Ndugu zetu, kila tusikiapo khabari ya watu kunyang'anywa mali kwa bunduki, twakimbilia jawabu moja: "Ni wageni hao." Jawabu hili huliwaza roho, lakini halimzuii mwizi. Basi leo tumeonelea tulidurusu jambo hili kwa mfano wa mji ulio mbali nasi, Kitengela katika Kajiado, kisha tujitazame wenyewe bila ya kujipendelea.

Sababu ya kwanza ni wingi wa silaha. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, wenyeji wa Karamoja walizichukua bunduki za kambi ya jeshi ya Moroto. Mwaka 1991 zikaanguka serikali ya Siad Barre huko Somalia na ya Mengistu huko Uhabeshi, na silaha za majeshi yao zikatawanyika mikononi mwa watu. Bunduki haiozi kama embe. Vita huisha, nayo huendelea kupita mkono kwa mkono. Tarehe 15 Novemba 2016, huko Ngong, katika Kajiado hiyo hiyo, serikali ya Kenya ilichoma moto silaha 5,250 zisizo na kibali. Wala si zote zivukazo mpaka. Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, hapa kwetu pwani, wakaua askari na kuchukua bunduki.

Sababu ya pili ni mji kukua upesi kuliko ujirani wake. Kitengela ilikuwa malisho ya Wamasai. Ardhi iliyokuwa ya shirika ikagawanywa, viwanja vikauzwa, viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi, na Nairobi ikaleta wapangaji. Mwaka 2009 mji ulikuwa na watu 58,167. Mwaka 2019 walihisabiwa 154,436. Hatusemi kwamba wahamiaji ni wezi, kwani wengi wao ndio wanaoibiwa. Tusemalo ni kwamba mtu asipomjua jirani wa mlango wa pili, hapatikani wa kumwuliza kijana atokako usiku wa manane, wala wa kusimama kutoa ushahidi.

Sababu ya tatu ndiyo iliyo karibu nasi mno, nayo ni soko. Mwizi hali simu wala havai pikipiki; huiba kwa kuwa yuko mnunuzi amngojaye. Sheria ya Kenya yaweza kumfunga mpokeaji wa mali ya wizi hata miaka 14, na sisi twamsifu kwamba ni mjanja, amepata rahisi! Tena bunduki ina thamani kubwa. Kijana asiye na kazi aonekanapo nayo, lazima tuulize: ni nani aliyempa, na hugawana naye nini?

Wako wasemao kwamba ufukara peke yake ndio asili ya haya. Ni kweli kwamba ufukara na kukosa kazi humdhoofisha kijana, na asiyemtafutia kazi amemwacha kwa atakayempa kazi mbaya. Lakini mafukara wengi hufa na uaminifu wao, na wanunuzi wa mali ya wizi si mafukara wote.

Wako pia wasemao kwamba dawa ni kuwaua washukiwa pasi na hukumu. Hii ni dhulma, tena ni ujinga, kwani maiti hasemi ni nani aliyempa bunduki. Kijana huzikwa, na mwenye silaha hutafuta mwengine.

Basi yatupasa tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Tusinunue kitu ambacho muuzaji hawezi kueleza alikokipata. Mzazi amwonapo mwanawe na fedha asizozifanyia kazi, amwulize siku hiyo hiyo, asingoje kuulizwa yeye na polisi. Na ajuaye ilipo silaha aitoe khabari kwa wenye mamlaka awaaminio, wala wazee wasimwache peke yake. Kuilinda mipaka ni kazi ya serikali. Kulifunga soko ni kazi yetu.