Mmea katika Sanaa ya Dhahania: Funzo kutoka Isiolo

Je, mchoro usiofanana na mmea waweza kuitwa mchoro wa mmea? Joy Adamson, aliyeishi Isiolo na kuuawa huko Shaba mwaka 1980, alichora mimea ya Kenya kwa uhalisia: jani na ua kama vilivyo, hata mtaalamu wa mimea akaweza kuitambua.

Mafundi wa milango ya Lamu na Zanzibar walifuata njia nyingine. Waridi waliligeuza duara lenye petali zinazolingana, wakalirudia ubaoni. Hapo pana chembe ya dhahania: sura hupunguzwa, umbo na mrudio vikabaki. Ndivyo sitiari ifanyavyo katika ushairi. Huacha mengi ili ibakize moja.

Hivyo basi, mchoraji wa Isiolo atakaye kuuchora mkoko wa pwani kwa dhahania, kwanza autazame: mizizi iliyojipinda kama matao juu ya tope, na alama ya maji yaliyokupwa. Huenda mwishowe akabakiza matao matatu na mstari mmoja. Si kasoro. Ila asiyeujua mmea hana cha kupunguza. Atakachobakiza ni rangi tupu.